Pipa la Mbege Juu ya Korongo

Shangazi yangu wa Mwika anasema mimi ni kama mvua za vuli: nafika wakati watu wameshaanika kahawa. Ana haki ya kusema, maana ndiye aliyenilea, na tangu nilipomaliza kidato cha nne amekuwa akiniona nikitokea na begi na kupotea na begi. Nimefanya ufundi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, nimekaa migodini, nimekaa bandarini, nimepanga chumba mjini, Shirimatunda, nikakiacha kabla godoro halijazoea mgongo wangu. Nikiwa mbali naukumbuka mlima mpaka nasikia pua inawashwa na moshi wa jikoni. Nikifika mlimani, haziishi siku nyingi miguu nayo inaanza kuwasha.

Safari hii nilikuwa nimeitwa. Mtoto wa mwisho wa shangazi, binamu yangu, alikuwa amefika ule umri ambao watu wanaacha kukuuliza utaoa lini na kuanza kuulizana wao kwa wao una tatizo gani. Hakuwa na tatizo. Ni mpole tu, mpole kiasi kwamba mbuzi wakiingia shambani kwake huwaomba watoke. Sasa alikuwa amempata mwalimu wa chekechea ng'ambo ya korongo, akampenda na, kwa rehema za Mungu, akamwambia. Kilichobaki kilikuwa mbege.

Kwetu upande wa mwanamume hauendi kwa wakwe na maneno makavu. Unakwenda na mbege, pombe yetu ya ndizi mbivu zilizopikwa, zikakaa, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Aliyeileta anaonja kwanza mbele ya watu, ijulikane kuwa haina ubaya. Kisha wazee wa binti wanaonja, wanatafakari, wanatoa neno. Neno hilo dogo ndilo linalofungua mambo mengine yote. Na mbege haina subira. Ikichanganywa na ulezi leo, utamu wake ni leo. Kesho inakuwa kali, keshokutwa ni ya kuoshea masufuria.

Upande wa binti, mwonjaji alikuwa baba yake mdogo, mzee mwenye koti refu na sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa ameshawahi kurudisha watu na pipa lao kwa madai kwamba ndizi zao zililazimishwa kuiva. Na hapo nyuma, kila mtu alijua, kulikuwa na mfanyabiashara wa Tarakea, mwenye gari na maneno mengi, aliyekuwa akisubiri sisi tushindwe. Mzee alikuwa amesema wazi: "Siku ni hii. Jua likizama sijaonja kitu, nitajua hawakuja, na yule wa Tarakea atakaribishwa."

Asubuhi shangazi alichanganya mbege yake huku akinung'unika. "Ulezi umepungua," alisema. "Nimeuloweka kwenye madumu, na dumu moja silioni. Nani kachukua dumu langu?"

Binamu alikuwa anapigwa pasi akiwa ndani ya suti. Mimi nilikuwa nimevaa suti yake ya pili, iliyonibana kwapani.

Tatizo letu la kweli lilikuwa korongo. Masika yalikuwa yamebeba daraja, na watu walikuwa wamelaza magogo mawili ya kupitia mtu mmoja mmoja, mikono mitupu, akiomba moyoni. Pipa lisingepita hapo. Nilishauri tuigawe mbege kwenye madumu, vijana wabebe kidogo kidogo. Shangazi alinitazama kama nilivyomtazama mimi siku aliponiambia niuze begi.

"Mbege ya wakwe haiendi vipande vipande kama nyama ya mnadani. Itakwenda kwenye pipa lake, itafika na povu lake."

Ndipo opereta akaingia. Huyu alikuwa kijana wa Dar aliyeletwa na mkandarasi kujenga daraja jipya, na alikuwa na lile katapila la kuchimbia ambalo watu wanaliita kijiko, lenye mkono mrefu na beleshi la chuma mbele. Alikuwa amepanga chumba cha uani kwa shangazi, akala ndizi zake wiki nzima, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

"Shikamoo mama. Sasa hapo shida iko wapi? Naliweka pipa kwenye beleshi, nazungusha mkono, nalitua ng'ambo mlangoni kwa mkwe. Hii mashine inabeba nyumba, sembuse togwa."

"Togwa kwenu," alisema shangazi. "Hii ni mbege. Marahaba."

Alikubali hata hivyo. Pipa lilifungwa kamba ndani ya beleshi, likafunikwa majani ya mgomba, na shangazi akachomeka jani la isale ubavuni, lile jani letu la amani, ili hata chuma kijue kinakwenda kwa nia njema. Injini ikanguruma. Mkono ukainuka, ukaanza kuzunguka taratibu, na watu wa pande zote mbili wakapiga vigelegele. Ng'ambo, wazee walikuwa wameketi kwenye benchi, kata zao za kunywea zikiwa magotini.

Katikati ya korongo, mkono ukasimama.

Opereta alivuta wenzo. Akasukuma. Akavuta tena kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeng'oa muhogo. Injini iliendelea kunguruma na pipa likabaki linaning'inia juu ya mto na mawe yake, jani la isale likipepea.

"Kwa nini mmelisimamisha?" sauti ya mzee ikavuka korongo. "Mnatuonyesha kwa mbali?"

"Linapumzika, meku!" nilijibu, maana ndivyo tunavyomwita mzee kwetu.

"Pombe inapumzika tumboni!"

Opereta aliruka chini, jasho limemtoka. "Oya bro, pampu kubwa imekufa. Hapa ni mpaka tuagize nyingine Arusha."

Shangazi alikaa kwenye jiwe. Akajitanda kanga mpaka usoni. Binamu alinijia akanishika mkono wa suti yake. "Kaka," alisema, "wewe si ulifanya kazi na haya mambo?"

Niliyafanya. Na ningependa kusema kwamba nilikwenda moja kwa moja penye ubovu. Sivyo. Nilizima injini nikafungua mpira wa kwanza wa kupitishia mafuta uliokuwa karibu, nikaamini kwamba mashine isiyojua kazi yangu itaniheshimu. Ulinitemea mafuta kuanzia tai mpaka viatuni.

"Hiyo suti ni ya kuazima!" shangazi akapiga kelele, na hapo nikajua bado ana uhai.

Nilifunga mpira ule, nikaomba opereta awashe injini na avute wenzo tena, nami safari hii nikasikiliza. Pampu kubwa inapobeba mzigo injini huguna, hushuka sauti kidogo kama mpagazi anayeinua gunia. Hii haikuguna. Iliimba vilevile, wenzo ukivutwa au usivutwe. Mafuta makubwa, yale ya pampu kubwa, yalikuwepo, yenye nguvu zote, yamesimama mlangoni. Hakuna aliyeyafungulia.

Lazima nieleze kidogo hapa, kama nilivyolazimika kueleza siku ile. Kiwandani kwenye miwa kulikuwa na vali moja ya sevo, mlango wa mafuta unaotii umeme, ndogo kama kopo la maziwa, iliyokaa juu ya bomba nene kama paja. Fundi mkuu aliifungua mbele yetu juu ya kitambaa cheupe, baada ya kututuma sote tunawe mikono kwa sabuni, na mmoja wetu akarudishwa akakate kucha. Ndani mlikuwa na ulimi mwembamba wa chuma uliosimama katikati ya vitundu viwili, kila kimoja kikitema uzi wa mafuta. Umeme hafifu, usiotosha hata kuwasha tochi vizuri, unauinamisha ulimi ule upande mmoja. Kitundu cha upande huo kinabanwa, mafuta yake yanakosa pa kutokea, nguvu inapanda. Upande wa pili nguvu inashuka. Katikati ya nguvu hizo kuna kijiti cha chuma kinachoteleza ndani ya ala yake. Kinasukumwa kutoka penye nguvu nyingi kwenda penye nguvu chache, na kikisogea kinafungua njia, na hapo ndipo yanapita mafuta makubwa yanayokandamiza magurudumu ya kukamulia miwa.

Lakini kilichonishangaza ni mwisho wake. Kijiti kikisogea kinauvuta na ule ulimi, kwa waya wa springi ulioviunganisha, mpaka ulimi unarudi katikati yake. Vitundu vinalingana tena, na kijiti kinatulia palepale kilipofika. Ukiomba kidogo kinafungua kidogo. Ukiomba zaidi kinafungua zaidi. Kikifika ulipoomba kinajiambia imetosha. Fundi mkuu alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Kitu hiki kina adabu kuliko nyinyi nyote."

Kijiko ni ndugu wa vali ile, asiye na umeme. Mkono wa opereta hauinui chochote. Ule wenzo unafungua mafuta madogo tu, ya pampu ndogo, ambayo mafundi wanayaita mafuta ya pailoti. Haya madogo yanakwenda kukisukuma kijiti, na kijiti ndicho kinachoyafungulia makubwa. Mafuta madogo yakikosekana, mashine yenye nguvu ya kubeba nyumba inakaa kama mzee aliyenyimwa fimbo yake.

Nilikuwa namweleza hayo opereta, lakini kwenye korongo maneno hayana siri.

"Unasema nini wewe mwenye suti chafu?" mzee aliuliza kutoka ng'ambo.

"Nasema kuna mafuta madogo yanayoamuru makubwa, meku! Madogo yamekwama!"

"Madogo yanaamurije makubwa?"

Nilifikiria haraka. "Kama wewe! Ng'ombe hawatembei mpaka useme neno. Neno lenyewe halina uzito wa ng'ombe, lakini ndilo linalofungua zizi!"

Mzee aliinuka kwenye benchi. "Kwa hiyo mimi ni mafuta madogo?"

Shangazi alijishika kichwa. "Tumekwisha," alisema.

"Ni pailoti, meku!" opereta akadakia. "Rubani! Yule anayeendesha ndege!"

Wazee wale walishauriana. Tuliona makoti yakiinamiana. "Rubani sawa," sauti ikarudi. "Lakini jua linashuka, na pipa nalo naliona linashuka."

Alikuwa amesema kweli. Mkono wa kijiko ukisimama hivyo, mafuta hupenya polepole pembeni ya kijiti hata kikiwa kimefunga, na beleshi lilikuwa linashuka kwa mwendo wa mtu anayesinzia kanisani: kidogo, anashtuka, kidogo tena. Chini yake kulikuwa na jiwe kubwa.

Nilizima injini, nikaachia nguvu iliyobaki kwenye mipira ya pailoti, nikakitafuta kichujio cha pailoti. Ni kichujio kidogo, unaweza kukifumbata, maana mafuta ya kupita kwenye vitundu vyembamba hayatakiwi kuwa na hata punje ya vumbi. Nilikitoa. Kilikuwa kimezibwa kabisa na kitu cha rangi ya kahawia, kama pumba. Nilikisugua kwa kidole. Nikanusa. Nikanusa tena, kwa sababu pua yangu ilikuwa inaniambia jambo ambalo kichwa kilikataa.

Kilinuka jiko la shangazi.

"Opereta," nilisema. "Mafuta ya mashine uliongeza lini?"

"Leo asubuhi. Yalipungua kidogo, nikaongeza."

"Uliyabebea kwenye nini?"

"Kwenye dumu. Nimelikuta pale uani, nikalisuuza vizuri tu."

Shangazi aliinuka kwenye jiwe lake polepole, kama mkono wa kijiko ulivyoinuka mwanzo, lakini yeye hakukwama.

"Dumu la njano? Lenye kamba ya mgomba shingoni?"

"Hilohilo, mama."

"Mwanangu, umeinywesha mashine ulezi wangu!"

"Nilijua ni uchafu, mama! Nikamwaga wa juu! Wa chini ulikuwa umegandia!"

Nilimuuliza kuhusu wavu wa kuchuja kwenye mdomo wa tanki. Alitazama viatu vyake akasema aliutoa siku nyingi, kwa sababu ulikuwa unachelewesha mafuta kuingia. Kila mtu amewahi kutoa kitu fulani kwa sababu kinamchelewesha.

Nilikiosha kichujio kwa dizeli, pumba zote nikazikung'uta kwenye kitambaa cha mfukoni, nikakirudisha. Nilijua haitadumu. Tanki lote lilikuwa na ulezi, na pampu ndogo ingeanza kuuvuta upya mara injini itakapowaka. Kazi ya kweli ilikuwa kumwaga mafuta yote, kusafisha, kuweka mapya. Lakini jua lilikuwa limeshagusa migomba ya ng'ambo.

"Tutapata mzunguko mmoja," nilimwambia opereta. "Labda. Usiupoteze kwa mbwembwe. Inua, zungusha, tua."

"Bro, naogopa."

"Vizuri. Utavuta taratibu."

Shangazi hakungoja. Anayeleta ndiye anayeonja kwanza, na alitakiwa awe ng'ambo kabla ya pipa. Alivua viatu, akakunja kanga, akapanda magogo mawili ya korongo. Binamu yangu mpole, ambaye huwaomba mbuzi, alimfuata nyuma akiwa ndani ya suti yake mpya, amemshika kiuno, akisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mama, usitazame chini! Nitazame mbele! Hapana, mimi niko nyuma, tazama mbele tu!" Mwalimu wa chekechea alikuwa upande wa pili amenyoosha mikono yote, na kwa jinsi alivyozoea kuwavusha watoto, alimpokea shangazi kwa kumwambia, "Hongera, umeweza."

Injini ikawaka. Nilimnyooshea opereta kidole. Akavuta.

Injini ikaguna.

Sijawahi kufurahia mguno kama ule. Beleshi liliinuka kutoka juu ya jiwe, mkono ukaanza kuzunguka, taratibu, kwa adabu, kiasi kilichoombwa na si zaidi. Hakuna aliyepiga vigelegele safari hii. Watu walikuwa wanaogopa kuishtua. Mkono ulipofika ng'ambo ulianza kulegea tena, nikaona opereta anaongea nao, anaubembeleza kama ng'ombe anayekamuliwa mara ya kwanza. Beleshi likagusa majani. Halafu mashine ikakataa kila kitu, lakini ilikuwa imeshatua.

Nilivuka magogo nikiwa nanuka mafuta. Shangazi alikuwa ameshachota. Alionja mbele ya wote, akameza, akafuta mdomo, akampa mzee kata kwa mikono miwili.

Mzee akapokea. Akanusa. Akapuliza povu pembeni. Akanywa kidogo, akazungusha mdomoni, akatazama juu kwenye matawi kana kwamba jibu liko huko. Mzee akanywa tena.

"Ndizi ni nzuri," alisema. "Zimeiva zenyewe." Tukashusha mabega. "Lakini ulezi umepungua."

Upande wote wa kwetu ukatazama chini. Niliona pipa likirudi, niliona gari la Tarakea likiteremka na maneno yake mengi, na sijui ni nini kilichonituma, nikaingiza mkono mfukoni nikatoa kitambaa changu, nikakikunjua mbele ya mzee. Pumba za ulezi, zimelowa dizeli.

"Uliobaki ni huu, meku. Ulikuwa umemziba rubani."

Mzee alikitazama kitambaa. Akanitazama mimi, suti ilivyo. Akalitazama katapila lililokufa ng'ambo na mkono wake umelala mlangoni kwake kama mgeni aliyechoka. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri ni hasira, mpaka sauti ile ya kuita ng'ombe ikatoka kama kicheko, na wazee wote kwenye benchi wakacheka kwa sababu yeye amecheka.

"Mashine imelewa kabla yangu!" alisema akifuta macho. "Basi mtu aliyehangaika hivi, hadi chuma akakinywesha, huyo hakuja kwa mzaha." Akagonga fimbo chini. "Wakae."

Neno moja. Na hapo mabenchi yakaburutwa, mbuzi akatolewa, wanawake wakaanza kuimba, mwalimu akamsogelea binamu akamfuta tope kwenye goti, na watu ambao mchana kutwa walikuwa wamesimama pande mbili za korongo wakaanza kusukumana kugombea nafasi ya kukaa.

Opereta alikuja mwisho, kichwa chini, akiwa amelibeba dumu la njano. Shangazi alilipokea, akalinusa, akamrudishia. "Hili ni lako sasa. Na kesho utanilowekea ulezi mwingine, nione kama unajua kusuuza."

Nilibaki siku kadhaa zaidi ya kawaida yangu, kusafisha tanki, maana katapila lilikuwa limeziba njia ya mkwe. Lakini jioni ileile ya mbege, mzee alipomaliza kata ya tatu na kunyoosha mkono apewe nyingine, shangazi aliifunika kwa kiganja.

"Imetosha, meku," alisema.

Na mzee, kwa adabu, akarudisha mkono.